Shajara ya mradi: kujua upande wa boya la jarife, Malindi

Kusi ikiishia

Jarife likitegwa jioni halibaki pale lilipoachwa. Mkondo hulichukua usiku kucha, na mashua nyingi za hapa hujifunga kwenye ncha moja ya wavu na kuelea nao hadi alfajiri. Mambo huharibika kamba inapokatika, au chombo kikubwa kinapopita juu ya wavu na kuuacha vipande viwili: kimoja mkononi mwa nahodha, kingine hakijulikani kimeshika njia gani. Kipande hicho kina boya, yaani dumu la njano lililofungwa ufito wenye bendera. Mawimbi yakipanda kidogo dumu halionekani, na baharia anasimama omoni, mbele kabisa ya mashua, akikaza macho mpaka jua litoke. Wavu ukipotea, umepotea mtaji wa familia kadhaa, na wavu wenyewe unaendelea kuua samaki chini ya maji bila mtu kuwala. Hilo la pili linaniuma kama la kwanza.

Mimi na fundi mmoja wa simu hapa mjini tumeamua kumjibu nahodha swali moja tu: boya liko upande gani? Si lazima ajue umbali wake. Akijua upande ataufuata, na kadiri anavyosogea ndivyo jibu linavyozidi kunyooka.

Watu wanauliza kwa nini tusiweke GPS ndani ya dumu, boya lenyewe litangaze mahali lilipo. Meli kubwa za jodari hufanya hivyo, kwa maboya yanayozungumza na setilaiti, na hulipia huduma hiyo. Kwa mvuvi wa mashua hesabu ni nyingine. GPS inakula umeme mara nyingi zaidi ya redio iliyolala, na antena yake ikiwa chini karibu na maji, kila wimbi linalopita juu linaikatizia setilaiti. Redio ndogo inayopiga mlio mfupi inapoitwa inaweza kuishi muda mrefu kwa seli moja ya 18650 iliyotolewa kwenye betri kuukuu ya laptopu. Kazi ngumu ya kupima tunaiweka kwenye mashua, ambako kuna mlingoti, kuna betri kubwa, na kuna watu.

Mashua tatu zimekubali kutubeba.

Bamvua, maji yametoka

Leo tulikuwa ufukweni asubuhi, mchanga umejiachia mpana na mgumu. Tulisimamisha kiti, juu yake ubao wenye antena nne zilizopangwa kwenye mstari, kisha tukachora nusu duara kwa kamba na kuchomeka kijiti kila nyuzi 10. Mtoto wa fundi alitembea na bikoni, ile redio ndogo ya boya, akisimama kwenye kila kijiti, nasi tukisoma skrini.

Nieleze kinachofanyika, maana hapa ndipo mradi wote ulipojengwa. Redio zetu ni za Bluetooth, na tangu toleo la 5.1, lililotoka Januari 2019, Bluetooth ina njia rasmi ya kupima pembe. Mtumaji anaongeza mwishoni mwa pakiti mlio mmoja usiobadilika, wa maikrosekunde 16 hadi 160. Mlio ukiendelea, mpokeaji anahama kutoka antena moja kwenda nyingine na kuandika fezi ya wimbi, yaani wimbi limefika wapi katika mzunguko wake, kwenye kila moja. Wimbi linalotoka ubavuni huifikia antena ya karibu kabla ya ile ya mbali, na tofauti hiyo ya fezi ndiyo inayogeuzwa kuwa pembe. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni kama sentimita 12 na nusu, kwa hiyo antena zetu zimeachana sentimita 6 na kidogo. Zikiachana zaidi ya nusu ya wimbi, pande mbili tofauti zinaanza kutoa fezi moja na hesabu haijui ichague ipi.

Kizito zaidi ni saa za chipu zenyewe. Kila chipu ina kristali yake, na hakuna kristali mbili zinazokwenda sawasawa. Kati ya kipimo kimoja na kinachofuata, kwa mpangilio tunaoutumia, zinapita maikrosekunde 4. Kristali ya bikoni na ya mpokeaji zikitofautiana kilohezi 10 tu, katika muda huo fezi imezunguka nyuzi 14 bila antena yoyote kuhusika, na kwa boya lililo mbele yetu hizo ni takriban nyuzi 4 na nusu za upande usio wa kweli. Kilohezi 10 si kitu. Kristali za kawaida hupishana kwa zaidi ya hapo. Ndiyo maana karibu na mwanzo wa mlio kuna maikrosekunde 8 za marejeo, ambamo mpokeaji anabaki kwenye antena moja. Unapima hapo jinsi fezi inavyokwenda yenyewe, kisha unaiondoa kwenye vipimo vyote vinavyofuata. Fundi aliiandika upya sehemu hiyo ya programu, na vijiti vya katikati ya nusu duara vikaanza kusomeka vizuri sana.

Vya pembeni bado. Boya likiwa karibu na mstari wa antena zenyewe, badiliko kubwa la pembe linaleta badiliko dogo la fezi, kwa hiyo kelele kidogo inatupa mbali. Hii ni jometri, haitibiki kwa programu. Pia mstari wa antena haujui mbele na nyuma: mtoto akisimama mbele yetu kwenye kijiti cha nyuzi 20, au akizunguka nyuma mahali panapotazamana nacho, skrini inasema kitu kilekile. Peke yake, mashua moja ingeweza kumpeleka nahodha Ngomeni, kaskazini, wakati wavu uko Mayungu, kusini.

Maleleji

Bahari imetulia, upepo haujaamua. Ni wakati mzuri wa kupima juu ya maji.

Ufukweni kiti hakikuyumba. Mashua inazunguka. Antena zinasema boya liko nyuzi 20 kulia kwa omo, lakini omo imeelekea wapi? Dira ya kielektroniki ndiyo jibu la kwanza la kila mtu, na sisi tunayo. Imefungwa karibu na mashine ya boti, nanga na mkebe wa vifaa, vyote chuma. Nanga ikihamishwa kutoka tezi kuja omo, dira inasoma kitu kingine. GPS inajua unakokwenda ukiwa unakwenda tu. Mashua iliyosimama ikigeuzwa na mkondo, GPS haina habari.

Hapa ndipo jirani anapoingia, na hapa ndipo ninapoupenda mradi huu. Mashua ya pili iko pale, mita 300 hivi. Ina GPS yake na inatutangazia mahali ilipo. Sisi tunajua tulipo. Kwa hiyo upande wa kweli wa jirani, kuhesabu kutoka kaskazini, tunaupata kwa hesabu tu bila dira. Na antena zetu zinamsikia jirani kama zinavyolisikia boya. Tuseme hesabu inasema jirani yuko mashariki hasa, nyuzi 90. Antena zinamsikia nyuzi 60 kulia kwa omo, na boya nyuzi 20 kulia kwa omo. Basi boya liko nyuzi 40 kushoto kwa jirani, na upande wake wa kweli ni nyuzi 50. Omo imeelekea wapi? Haijalishi tena, imejifuta yenyewe kwenye kutoa.

Sharti lake ni kwamba vipimo viwili vichukuliwe karibu sana, kwa sababu mashua haingoji. Bikoni ya jirani na ya boya zinapiga mara kumi kwa sekunde, na tunaoanisha zile zilizofuatana tu. Sharti la pili ni umbali wa jirani. GPS ya bei rahisi hukosea kama mita 5. Jirani akiwa mita 300, mita 5 za ubavuni ni nyuzi 1 tu. Akiwa mita 50, ni karibu nyuzi 6, na hapo afadhali dira yenye nanga. Programu sasa inamchagua jirani yenyewe: asiwe karibu mno, asiwe kwenye pembe mbaya za antena.

Fundi alinikumbusha kwamba jambo hili si geni hapa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani peke yake. Ilizunguka polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na kila chanzo cha eksirei kilipopita mbele ya kipimo chake, kazi ilikuwa kujua setilaiti yenyewe imeelekea wapi wakati huo. Ilijua kwa kutazama jua na nyota ambazo mahali pake pamekwisha kujulikana. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Maji yaleyale ambamo wavuvi wa Ngomeni wanatega nyavu ndiyo yaliyopigwa na moto wa roketi ile. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza kwamba tunapima kwa njia ya aina moja, tena kwenye pwani ileile.

Maleleji bado

Urefu wa ufito. Hili lilitupa faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko yote.

Redio juu ya maji inafika kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kugonga uso wa bahari. Karibu na mashua, kila umbali ukiongezeka maradufu nguvu inapungua desibeli 6. Ukishapita umbali fulani njia mbili hizo zinaanza kuuana, na kila maradufu inakula desibeli 12. Antena ya boya ikiwa nusu mita juu ya maji na ya mlingoti mita 3, mpaka huo uko kama mita 48 tu kutoka mashua, yaani karibu safari yote iko upande mbaya. Ukiinua bikoni kutoka nusu mita hadi mita moja, unapata desibeli 6 za bure kule mbali, sawa na kuongeza nguvu ya redio mara nne.

Wavuvi tayari wana ufito wa bendera. Tuliifunga bikoni juu kabisa, chini ya kitambaa, ndani ya chupa ya plastiki iliyozibwa kwa silikoni, na chini ya dumu tukaongeza jiwe zaidi ili ufito usilale. Jiwe lilikuwa pendekezo la baharia, naye alijua uzito wake kwa kulishika tu mkononi.

Jambo la kukumbuka kwa atakayefuata njia hii: Bluetooth ina hali ya kwenda mbali, iliyokuja na toleo la 5.0, ambamo kila biti inarudiwa kwa namna inayosaidia kusikika kwenye kelele. Lakini mlio wa kupimia pembe hauruhusiwi kwenye hali hiyo. Kwa hiyo tunatumia zote mbili. Ya mbali inasema "nipo", mashua inasogea, na ikishakuwa ndani ya eneo la kawaida mlio wa pembe unaombwa. Ujumbe wa mashua kwa mashua (mahali, saa, pembe, ubora wa kipimo) nao unapita kwenye hali ya mbali. Hakuna intaneti popote katika mpangilio huu, na sitaki iwepo.

Kikao cha pwani, chini ya mkungu

Tulidhani mazungumzo yatakuwa ya betri. Nahodha mkubwa kuliko wote pale alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Mwanangu, nikiita boya langu, na hawa wenzangu vyombo vyao vinasikia, si watajua jarife langu liko wapi?"

"Ndiyo, Ami, vyombo vitasikia."

"Mimi sikuulizi vyombo. Nakuuliza watu."

Hakuna aliyecheka. Mahali pa kutega ni siri ya mtu, wengine wamerithi alama zao kwa baba zao. Na kuna ambao nyavu zao zimepekuliwa usiku, samaki wakaondoka. Chombo kinachomsaidia mmoja kwa kumfunua kwa wote hakitafungwa kwenye mashua yoyote Malindi, na hakistahili kufungwa.

Hivi ndivyo tulivyopanga baada ya kikao. Boya linakaa kimya. Linafungua sikio kwa muda mfupi, linafunga, na halijibu mpaka lisikie wito wenye ufunguo wa mwenyewe. Mashua za jirani zinaweza kuubeba wito huo bila kujua ni wa nani, na anwani ya redio ya boya inabadilika kila baada ya muda, kwa hiyo aliyeisikia leo hawezi kuitambua kesho. Pembe aliyoipima jirani inafungwa kwa ufunguo uliomo kwenye wito na kurudishwa. Skrini yake haionyeshi chochote isipokuwa kwamba chombo chake kimesaidia. Nilimwambia Ami waziwazi kwamba mtu mwenye vifaa vyake mwenyewe, akiwepo karibu wakati boya linajibu, anaweza kupima upande. Kinachomlinda ni kwamba boya halijibu isipokuwa ameliita yeye, na yeye ataliita akiwa amelipoteza.

Akafikiri. "Nikilipoteza, heri jirani ajue kuliko bahari ijue peke yake. Endeleeni."

Nimeandika maneno yake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi kama sharti la kiufundi, juu ya umeme na bei.

Kaskazi ya kwanza

Upepo umeshika, maji yamekuwa meupe kidogo kwenye vichwa vya mawimbi. Mashua zote tatu ziliondoka alasiri. Boya la majaribio, bila wavu, liliachwa lichukuliwe na mkondo, nasi tukageukia upande mwingine mpaka giza.

Usiku ulionyesha jambo ambalo karatasi ilikuwa imelisema kwa upole mno. Mashua zilipokuwa zimefuatana, moja nyuma ya nyingine kuelekea boya, zote zilisikia vizuri, ishara ilikuwa na nguvu, na jibu lilikuwa karibu bure. Mistari yao ilikuwa inakwenda pamoja. Kosa la nyuzi 5 kwa umbali wa mita 400 ni mita 35 za ubavuni. Mistari miwili ikikatana kwa nyuzi 20 tu, mita 35 hizo zinanyooka kuwa mia moja na zaidi kwenye urefu. Ikikatana kwa nyuzi 90 zinabaki 35. Nahodha wa mashua ya kati alipovuta kamba ya tanga na kukaa pembeni kabisa, mbali na wenzake, ishara yake ilidhoofika, lakini doa kwenye skrini likafumba kutoka umbo la muhogo mrefu hadi kiduara. Tangu hapo ninaamini kwamba shahidi dhaifu aliyesimama pembeni ana thamani kuliko mashahidi wawili wenye nguvu waliosimama mstari mmoja, na programu inapaswa kumwambia nahodha hivyo: si tu "boya liko huku", bali pia "sogea pale, utusaidie kuona".

Mbele na nyuma nayo ilijitatua. Kila mashua peke yake ilitoa pande mbili, lakini pande za uongo za mashua tatu hazikukutana mahali pamoja. Za kweli zilikutana.

Baharia wa omoni alimulika tochi upande ulioonyeshwa na kitambaa cha bendera kikang'aa. Alikivuta kwa ndoana ya mti, akakata kamba ya bikoni kwa kisu, akanikabidhi chupa ikiwa kavu ndani.

Yaliyobaki ni mengi. Wimbi la kaskazi linaulaza ufito, na antena iliyolala inapoteza sehemu ya sauti yake kwa sababu ya mwelekeo wa mawimbi ya redio. Tutajaribu antena mbili zilizokatana. Pembe za ubavuni bado zinatusumbua, na fundi ameanza kuchora ubao wa antena za duara ili mashua moja ijue mbele na nyuma bila kusubiri ya pili. Pia Wapemba wamekwisha kuwasili kwa msimu, wanategea mbali zaidi yetu na kwa mashua nyingi zilizotawanyika, jambo ambalo kwa hesabu zetu ni utajiri mtupu. Ami amesema ataongea nao yeye mwenyewe, na ameniomba nije na vipokezi viwili vya ziada vikiwa vimeshafungwa kwenye masanduku, kwa sababu hawatakubali kitu chenye nyaya zinazoning'inia.